Nyumba Isiyo na Maneno

Vizibao vilifika Margilan, mji wa wafumaji bondeni, ndani ya katoni la biskuti, asubuhi ambayo Ilhom alikuwa akibadilisha nyuzi kwenye kitanda chake cha kufumia hariri, na kwa hiyo nyumba ilikuwa kimya kuliko kawaida. Vilikuwa vya kitambaa cha bluu, vimeshonwa kwa kifua cha mtoto mdogo, na kila kimoja kilikuwa na mfuko wenye kifungo cha kubana. Ndani ya mfuko mlikaa kihisi, kifaa cha ukubwa wa kiberiti chenye taa ya kijani iliyowaka muda wote.

Daktari Mirhamidov, mtaalamu wa usikivu kutoka mji mkuu, alivua viatu, akaketi kwenye kitanda cha uani chini ya mzabibu. Alipewa chai na mkate. Kando yake aliketi msaidizi wake Zumrad, msichana mwenye miwani aliyebeba katoni, na upande wa pili mwenyekiti wa mtaa, aliyekuja kwa sababu bila yeye mgeni hasemi.

Daktari alieleza kwamba utafiti wake ulihusu watoto viziwi na nyumba wanazokulia. Mtoto angevaa kizibao tangu anapoamka hadi anapolala. Kihisi kingepima mapigo ya moyo wake, mwendo wake, na maneno yanayosemwa karibu naye.

"Kwa hiyo kinasikiliza," alisema Hosiyat, mama yake Ilhom, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba.

"Hakisikilizi, mama. Kinahesabu tu."

"Kinahesabuje kisichokisikia?"

Daktari alicheka, akamega mkate, akauma kipande, akakiacha ukingoni mwa sahani. Mavjuda, mke wa Ilhom, alimimina chai bila kuinua macho, kama inavyompasa mkamwana mbele ya mgeni. Binti yao Oydin, mwenye miaka mitano, kiziwi tangu kuzaliwa, alikuwa tayari amekivaa kizibao na anaigusagusa ile taa.

"Basi tumekubaliana, mama?"

"Mayli," alisema Hosiyat.

Katika bonde lile, mayli ni neno la kumtoa mgeni bila kumfukuza. Husemwa mvua inapoharibu harusi, na jirani anaposhikilia kwamba jogoo ni wake. Halina ndiyo ndani yake, wala hapana. Maana yake ni kwamba mazungumzo yamekwisha na kila mtu akafanye atakalo, Mungu anaona. Daktari Mirhamidov alizaliwa katika bonde hilohilo na alilijua neno hilo vizuri. Aliandika: amekubali.

Kitanda cha kufumia kilipoanza tena mchana huo, nyumba ilirudia hali yake. Katika nyumba za wafumaji hakuna anayepaza sauti kushindana na mbao za kitanda zinazogongana. Watu huzungumza kwa mikono, na walizungumza hivyo tangu enzi za babu wa babu yake Ilhom. Vidole viwili vikiachana ghafla: uzi umekatika, simamisha. Ngumi chini ya kidevu: chai iko tayari. Kiganja kikipita usoni: anakuja mtu tusiyempenda. Oydin alipozaliwa bila kusikia, ilipita miaka miwili kabla ya mtu yeyote kugundua, na walipogundua hapakuwa na cha kubadilisha. Sasa alikuwa anabishana kwa mikono, anadanganya kwa mikono, na alikuwa na kichekesho kirefu kuhusu mbuzi wa jirani ambacho Ilhom alilazimika kusimamisha kazi ili akione hadi mwisho.

Kihisi kilichukua kelele za mbao, kikohozi, mlango, na kila Alhamisi sauti ya mwanamume mzee. Zumrad, aliyekuja kila wiki kuchukua kumbukumbu, aliuliza mwanamume huyo ni nani.

"Marehemu mume wangu," alisema Hosiyat. "Alhamisi tukikaanga mafuta, harufu humleta. Huja kukagua kitambaa."

"Huzungumza na mtoto?"

"Huzungumza na kitambaa. Huwa anasema nyuzi za pembeni zimelegea."

"Kwa sababu maneno yasiyoelekezwa kwa mtoto hayahesabiwi," alieleza Zumrad.

"Hata alipokuwa hai hakuwahi kumwelekezea mtu neno."

Zumrad alimwingiza chini ya "mwanamume mtu mzima, mgeni", kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kumweka. Mashine ile iliweza kumsikia marehemu. Mazungumzo ya mikono haikuyasikia.

Alasiri, Ilhom alipokwenda kutia nyuzi rangi na mbao zikanyamaza, Mavjuda alikaa na Oydin chini ya mforsadi akimsuka nywele. Ndipo aliposema kwa sauti. Mkamwana katika nyumba ya mumewe hana wa kumwambia mambo. Mavjuda alikuwa na bahati ya kuwa na sikio moja lisilosikia. Alilieleza kila kitu: mgongo wake, dada yake aliyeolewa mbali, namna mama mkwe anavyokagua chumvi jikoni. Siku moja ya joto, akiwa amechoka, alisema: "Kuna siku natamani usingezaliwa. Ulikuja ukanifunga hapa kama ng'ombe kigingini." Alikuwa anamalizia suko la mwisho. Kisha akazunguka mbele ya mtoto, na mikono yake ikasema: mwezi wangu, una njaa? Mwezi ni duara linalochorwa shavuni kwa kidole, na ndilo lilikuwa jina la Oydin nyumbani. Oydin akacheka, akasema ana njaa ya tikiti.

Kihisi kilichukua sauti.

Mwisho wa kiangazi Daktari Mirhamidov aliwakusanya walimu na wenyeviti wa mitaa katika ukumbi mmoja wa mji wa Fargona, awaonyeshe maendeleo ya utafiti. Alizungumzia umaskini wa lugha majumbani. Ili wasikilizaji waelewe, aliwasikilizisha mfano. "Jina tumelificha," alisema, "kwa heshima ya familia." Sauti hakuificha, kwa kuwa kanuni za utafiti zilizungumzia majina tu. Mwanamke aliyekuwa akigawa chai ukumbini alikuwa mke wa mwenyekiti wa mtaa, na alikuwa akinunua mkate pamoja na Mavjuda kila asubuhi.

Siku chache baadaye kulikuwa na sherehe ya kumlaza kitoto kwenye susu yake, nyumba ya nne kutoka kwao. Mavjuda alipoingia, mwanamke mmoja alisogea kwenye mkeka.

"Njoo ukae hapa, Mavjuda jamani. Ila usitamani tusingezaliwa."

"Mwache, mwenzio kafungwa kigingini," alisema mwingine, na wanawake wakacheka huku wakiziba midomo kwa mitandio.

Mavjuda alikula pilau aliyopewa. Alimsifu mtoto bila kumsifu kupita kiasi. Aliporudi nyumbani aliacha kulieleza lile sikio mambo yake. Aliendelea kumsuka Oydin, lakini kimya, na kihisi kiliripoti kwamba maneno ya nyumba ile, yaliyokuwa haba, sasa yalikuwa karibu yameisha.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja mwenyewe kuleta habari. Hakukaa.

"Kamati imeketi," alimwambia Hosiyat. "Nyumba isiyo na maneno haimfai mtoto kiziwi. Baridi ikianza gari litakuja kumchukua, aende shule ya bweni."

"Mlituambia kinahesabu tu."

"Kimehesabu, dada yangu. Ndiyo matokeo yenyewe."

Shule hiyo ya bweni ilikuwa nje ya mji, nyuma ya kiwanda cha matofali. Asror, mtoto wa jirani yao Sanobar, alikuwa ameshachukuliwa tangu masika. Pale watoto hukalia mikono yao darasani, kwa sababu inaaminika kwamba mikono ikifungwa ulimi utafunguka. Asror aliporudi likizo alikaa hivyohivyo nyumbani, viganja chini ya makalio, hata wakati wa kula. Sanobar alimlisha kwa kijiko.

Ilhom alijaribu. Alisimamisha kitanda siku nzima, wakaketi uani wote wanne, na taa ya kijani katikati yao.

"Haya, tuongee," alisema.

"Tuongee nini?" aliuliza mkewe.

"Chochote. Bei ya pamba."

"Bei ya pamba imepanda," alisema Hosiyat.

"Imepanda sana," alisema Ilhom.

Oydin aliwatazama midomo mmoja mmoja, kisha akauliza kwa mikono ni nani aliyekufa. Ilhom alirudi kwenye mbao zake.

Kesho yake asubuhi, Oydin akiwa bado amelala, Hosiyat alikichukua kizibao na wembe anaotumia kukatia nyuzi. Alifumua mfuko, akakitoa kihisi, akakipangusa kama mtu anavyopangusa kitu atakachokirudisha. Karibu kila mtoto wa Margilan ana hirizi ya pembetatu iliyoshonwa kwenye nguo, ya kuzuia kijicho. Hirizi ya Oydin aliishona mwenyewe siku ya arobaini yake. Sasa alikata nyingine kubwa zaidi kutoka kwenye pindo la hariri ya Ilhom.

"Mama, wataona," alisema Mavjuda mlangoni.

"Wataona nini? Mtoto ana hirizi. Huku kuna mtoto asiye na hirizi?"

Ndani ya pembetatu alitia mbegu za isiriq, ambazo kwa kawaida huchomwa kufukiza nyumba, na chumvi ya mawe. Kisha akasogeza kiti, akatoa kwenye rafu ya juu kitambaa kilichofungwa fundo. Kilikuwa na kipande cha mkate chenye alama ya meno. Mtu anayesafiri huuma mkate, na nyumba humwekea, ili njia imrudishe. Daktari hakuwa wa nyumba ile na hakuwa amekusudia hivyo. Alikuwa ameuma tu na kuacha. Lakini mkate hautupwi, na Hosiyat alikuwa ameuweka.

"Hirizi ikishonwa uso kwa ndani, humlinda aliyeivaa," alisema akitunga uzi. "Na ikishonwa uso kwa nje?"

Mavjuda alilijua jibu, kwa kuwa kwao pia walikuwa na bibi. "Humrudishia mwenye jicho jicho lake."

"Nishikie hapa."

Mavjuda alishika. Hosiyat alikiweka kihisi katikati ya mbegu na makombo, akakishonea humo, uso kwa nje, kwa mishono midogo ambayo hata yeye hakuweza kuiona bila kuisogeza karibu. Taa ya kijani ilionekana kwa mbali kupitia hariri. Oydin alipoamka walimvalisha.

Kuanzia siku hiyo, kihisi kilichokuwa kifuani mwa Oydin kilichukua maneno ya nyumba ya Daktari Mirhamidov, ghorofa ya tano, katika mji mkuu.

Zumrad alikuwa wa kwanza kuyasikia, kwa kuwa kazi yake katika kituo cha utafiti ilikuwa kuvaa visikizi vya masikio na kuandika kila kinachosemwa. Kelele za mbao zilikuwa zimekoma. Badala yake kulikuwa na jokofu lililounguruma, televisheni, na lifti ikipita nyuma ya ukuta. Kulikuwa na mtoto wa kike aliyesema "Baba" mara nyingi, na baada ya kila "Baba" kulikuwa na jokofu. Kulikuwa na mwanamke aliyezungumza mfululizo, na mwanamume aliyejibu simu lakini hakumjibu yeye.

Mchana wa siku ya pili yule mwanamume alisema kwenye simu: "Zumrad? Zumrad ni punda. Lakini ni punda anayejua njia, humwelekezi, humlipi vizuri, na anafika."

Zumrad alirudisha nyuma akasikiliza tena, ili asikosee nukta wala mkato. Akaandika yote. Kanuni ya kituo ilisema kwamba anayeandika haruhusiwi kujua wala kuuliza nyumba ni ya nani. Sauti ni sauti tu. Kanuni hiyo ilitungwa na Daktari Mirhamidov mwenyewe, na Zumrad, ambaye alikuwa amefanya naye kazi miaka mitatu na kuijua sauti yake kuliko ya baba yake, aliifuata.

Daktari alisoma muhtasari na kukasirika. Aliwaambia wenzake kwamba nyumba ile ya Margilan ilikuwa imevuka mipaka: kwanza hawakuzungumza, na sasa walizungumza hivi. Maneno ya baba kwa mtoto yalikuwa machache kuliko ya nyumba yoyote katika utafiti mzima. "Watu wa namna hii wasipewe watoto," alisema, akatia saini hati ya kumchukua mtoto, kabla ya wajumbe wengine wawili wa kamati.

Vuli ilipofika palifanyika mkutano mkubwa mji mkuu, wenye wageni wa wizara na wageni wa nje. Wake za wanasayansi walialikwa pia. Lobar, mke wa daktari, aliketi safu ya pili amevaa gauni la hariri ya Margilan.

Daktari aliwaonya wasikilizaji kwamba mfano atakaowapa unaumiza. Kisha akabonyeza.

"Baba, nimechora farasi," ilisema sauti ya mtoto. "Baba. Baba, farasi."

Jokofu liliunguruma katika ukumbi mzima.

"Mwondoe huyu hapa," ilisema sauti ya mwanamume.

"Twende, mwanangu," ilisema sauti ya mwanamke. Kisha, kwa mtu mwingine: "Ningejua naolewa na ukuta, ningeolewa na ukuta wa kweli. Ule ungetaka chokaa tu kila mwaka."

Watu walicheka, kisha wakajutia kucheka. Daktari alitikisa kichwa kwa huzuni. Ni wachache wanaoijua sauti yao wenyewe ikitokea nje ya kichwa chao, na daktari hakuwa mmoja wao. Sauti ya mkewe angeweza kuijua, lakini hakuwa na mazoea nayo.

"Katika nyumba kama hii, wenzangu," alisema, "mtoto anakulia jangwani."

Mama mmoja aliyeketi karibu na Lobar alimwinamia. "Maskini. Watakuwa watu gani hao?"

"Wafumaji, nadhani," alisema Lobar. Alifunga mkoba wake, akaendelea kusikiliza hadi mwisho, akapiga makofi pamoja na wengine.

Gari la shule ya bweni lilikuja baridi ilipoanza. Anwani haikuandikwa na mtu. Ilitolewa na kihisi chenyewe, kwa sababu kihisi hujua kilipo, na hiki kilijijua kuwa ghorofa ya tano. Dereva na ofisa mmoja mwanamke walipanda hadi ghorofa ya tano, wakabisha. Daktari alifungua akiwa amevaa kandambili.

"Durdona Mirhamidova," alisoma ofisa. "Miaka sita. Tumekuja kumchukua."

"Mmekosea. Mtoto wangu anasikia. Anasikia kuliko mimi."

"Hilo halimo humu, daktari. Humu mna maneno ya nyumbani tu. Hayatoshi."

"Hizo takwimu ni za Margilan."

"Anwani ni ya hapa. Saini ya kwanza ni yako, hii."

Daktari aliitazama. Alisema atapiga simu, na ofisa akasema apige. Alikumbushwa kwamba hakuna mtafiti anayeruhusiwa kugeuza matokeo baada ya saini tatu, ili watu wasije wakawapendelea jamaa zao. Kanuni hiyo pia ilikuwa yake.

"Nani amekubali?" aliuliza. "Hili jambo linahitaji mzazi akubali."

Ofisa alitoa simu yake, akamsikilizisha. Wiki moja kabla, mtu wa kamati alikuwa amepiga simu nyumbani hapo kuwauliza wazazi kama wana pingamizi. Kwa nyuma kulisikika mpira kwenye televisheni. Mwanamume aliyepokea hakusubiri swali liishe. "Mayli," alisema. "Mayli, mayli."

Lobar alikuwa ameshaleta sweta mbili, soksi za sufu na ile karatasi yenye farasi. Alimvalisha Durdona koti, akamfunga vifungo kimoja baada ya kingine.

"Baba, naenda wapi?" aliuliza Durdona.

Daktari alifungua mdomo, lakini hakuwa na mazoea ya kumjibu, na lifti ilifika.

Alimtuma Zumrad Margilan akakikague kihisi. Zumrad alipanda treni, akaketi kwenye kitanda cha uani, akapewa chai. Oydin aliletwa. Kifaa kilikuwa kizima, betri imejaa, na kilikuwa kifuani mwa mtoto kama kanuni zinavyotaka. Zumrad aliigusa ile pembetatu ya hariri, akaigeuza kidogo, akaona uso ulipoelekea. Naye alikuwa amevalishwa moja utotoni.

"Imeshonwa vizuri," alisema.

"Macho yangu si kama zamani," alisema Hosiyat. "Chukua na aprikoti hizi kavu, ule njiani. Na huyo bwana mkubwa hajambo?"

"Hajambo. Anazungumza sana siku hizi."

"Na nani?"

"Bado sijajua pa kuyaweka maneno yake," alisema Zumrad.

Aliandika kwamba kihisi hakina kasoro.

Gari halikuja kwa Oydin. Nafasi iliyotengwa kwa nambari yake ilikuwa imejazwa. Wakati wa baridi alikifanya kichekesho cha mbuzi kuwa kirefu zaidi, akamwingiza na mwenyekiti wa mtaa ndani yake, na marehemu babu yake, aliyekuja Alhamisi, alikitazama akiwa amesimama karibu na kitambaa na kwa mara ya kwanza hakusema lolote kuhusu nyuzi za pembeni.

Siku ya kutembelea watoto, Mavjuda alimsindikiza Sanobar shuleni kumwona Asror. Aliporudi Ilhom alikuwa kazini, mbao zinapigana, na Hosiyat alikuwa akifunga mafungu ya nyuzi. Mavjuda alimwambia kwa mikono.

Alisema amemwona binti wa daktari, aliyeitwa na mwalimu kwa jina la ukoo wake. Amekaa safu ya mbele, amekalia mikono yake. Mwalimu alipogeuka ubaoni, mtoto aliutoa mkono mmoja, na mkono ulikuwa umeshajifunza kusema. Alimuuliza Asror kama ule mlio wa nje ni gari la baba yake, ingawa binti huyo ndiye pekee darasani aliyeweza kuusikia. Asror akamwambia, sijui, mimi siusikii. Mtoto amekonda.

Hosiyat aliendelea kufunga.

Mama, iliuliza mikono ya Mavjuda, ule mshono unafumuka?

Hosiyat aliweka nyuzi chini. Kila mshono unafumuka, ilisema mikono yake. Wembe uko pale. Ukiufumua leo, kesho gari litajua njia ya huku.

Oydin alikuwa uani, anamkimbiza kuku akiwa amevaa kizibao. Taa ya kijani ilimulika kifuani mwake. Ilhom alisimamisha kitanda ili apumzike, na nyumba ikawa kimya. Mavjuda alitazama uani. Kisha akasema kwa sauti.

"Mayli," alisema.

Mikono yake ilikuwa imesema jambo jingine, vidole viwili vikiachana ghafla, uzi umekatika, simamisha, lakini alikuwa ameielekeza chini, na hakuna aliyesimamisha kitu, kwa kuwa kitanda kilikuwa kimeshasimama.

Kihisi hakikulichukua neno hilo. Wakati huo kilikuwa kinasikiliza jokofu la ghorofa ya tano, na mwanamume aliyekuwa peke yake chumbani akimwambia binti yake kwamba yule farasi ni mzuri, kwamba miguu yake imekaa sawasawa, kwamba amemwona tangu siku ile. Alimwambia hivyo kila jioni. Alimuuliza kama ana njaa. Alimwita jina lake, akanyamaza kidogo kama anayesubiri, akaliita tena.

Zumrad aliyahesabu maneno hayo. Hatimaye aliyaweka chini ya "baba kwa mtoto", kwa kuwa ndiyo yalivyokuwa, na hakuna kanuni iliyosema kwamba mtoto lazima awepo. Takwimu za nyumba ile zilipanda hadi zikawa za juu kuliko zote. Kamati iliketi, ikalinganisha maneno ya baba kabla ya mtoto kuondolewa na baada yake, ikaridhika kwamba njia hiyo inafaa. Fedha ziliongezwa kwa miaka mitano. Masika, katoni jipya la vizibao lilipelekwa mji wa jirani, na mwenyekiti wa mtaa wa huko alitangulia nyumba kwa nyumba, kuwaambia kina mama waweke chai.